Redio ya Dijitali: Uliza Mawimbi Kwanza, Ndipo Utoe Pesa



Vikundi vingi vimekuwa vikituuliza swali moja: "Hii redio ya dijitali ni kitu gani, na je, tuinunue?" Wengine wana watu wao huku Nairobi ambao wanataka kuwatumia redio nyumbani. Wengine wameambiwa na wauzaji kwamba redio zao za zamani karibu zitazimwa. Swali hili tunalijua vizuri, maana sisi wenyewe lilitugharimu.

Kikundi chetu cha hapa Dandora kilikuwa na redio ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono na kutumia mawe manne. Ilikuwa imefungwa kwa mpira upande mmoja, lakini ilikuwa inaongea. Basi Krismasi moja kijana wa mwanachama wetu anayeishi Uingereza akatuletea redio mpya. Sanduku lilikuwa limeandikwa herufi tatu kubwa: DAB. Ilikuwa na betri yake ndani na kioo cha kuonyesha maandishi. Tulifurahi sana. Wiki hiyo hiyo tukauza ile ya zamani kwa fundi kwa shilingi mia tatu.

Tulipowasha ile mpya ikatafuta, ikatafuta, kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna stesheni. Tukaipeleka dirishani. Tukapanda nayo mpaka juu ya gorofa. Kimya. Tukasema labda iliharibika kwa ndege. Ikarudishwa kwa sanduku, ikawekwa juu ya kabati.

Mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yalikumba Mathare, Mukuru na mitaa mingine iliyo kando ya mito. Kwetu stima ilipotea na simu nyingi zikazima. Watu walikuwa wanaulizana gizani: Maji yamefika wapi? Barabara gani imefungwa? Watoto wapelekwe wapi? Majibu mengi yalikuwa yanasomwa redioni. Sisi tulikuwa na redio moja tuliyouza na nyingine juu ya kabati.

Wiki mbili baadaye tulimwita fundi mmoja kijana wa mtaa. Aliitazama, akabonyeza kifungo kimoja kilichoandikwa MODE, na papo hapo redio ikaanza kuongea Kiswahili. "Mama, hii kitu haijaharibika," akamwambia mwenyekiti. "Mlikuwa mnaitafutia stesheni mahali hazipo."

Tunaandika haya ili kikundi kingine kisikose habari siku ya shida kwa sababu ya kifungo kimoja.

NENO MOJA, VITU VINNE

Ukienda Luthuli au kwa duka lolote la mtaani ukaitisha "redio ya dijitali", unaweza kupewa vitu vinne tofauti kabisa.

Cha kwanza ni redio ya kawaida ya FM yenye kioo cha namba. Badala ya kuzungusha mshale, unabonyeza na kuona 92.9 au 106.7. Mawimbi inayopokea ni yale yale ya redio ya zamani. Hii ndiyo wengi wetu tunanunua, na hakuna ubaya.

Cha pili ni redio ya FM ambayo pia inasoma memori kadi, flashi au Bluetooth. Hapa udijitali uko kwa nyimbo na mafunzo uliyoweka kwenye kadi. Stesheni bado zinakuja kwa FM.

Cha tatu ni DAB. Hii ndiyo redio ya dijitali hasa, maana hata mawimbi yenyewe ni ya dijitali. Tufananishe hivi. Katika FM kila stesheni ni kama mtu na bodaboda yake. Katika DAB stesheni nyingi hupanda matatu moja, zikasafiri kwa wimbi moja, na redio yako huzishusha moja moja mwisho wa safari. Uingereza ilianza kuitumia mwaka 1995. Norway ilizima FM ya stesheni zake za kitaifa mwaka 2017 na kubaki na DAB. Lakini matatu kama haipiti kwenu, kusimama steji hakutakusaidia. Stesheni ambazo sisi watu wa Eastlands tunasikiliza kila siku zinatufikia kwa FM. Redio isiyo na FM haitufai, hata ikiwa ya bei gani.

Cha nne ni redio ya kupitia intaneti, yaani ile unayosikiliza kwa simu kwa kutumia data. Sauti ni safi, na unaweza kusikia stesheni ya nyumbani ukiwa mbali. Lakini hesabu gharama. Stesheni inayotuma sauti kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu MB 29 kwa saa. Ikiwa ni kilobiti 128, hula karibu MB 58. Ukisikiliza saa mbili kila siku kwa kile kiwango cha chini, mwezi ukiisha umemaliza kama GB 1.7. FM haikuitishi hata senti moja ya data.

Kuna pia ving'amuzi vya televisheni, au dekoda kama tunavyoziita, ambavyo vingine hubeba stesheni kadhaa za redio. Ikiwa nyumba yako ina kimoja, pitia orodha uone. Ila utahitaji televisheni na stima, na stima ikipotea, redio hiyo imepotea pia.

JE, FM ITAZIMWA KAMA TELEVISHENI?

Hofu hii inatokana na jambo la kweli. Mwaka 2015 Kenya ilimaliza kuhama kutoka televisheni ya analogi kwenda ya dijitali. Aliyekuwa na eriali tu bila king'amuzi aliamka akakuta kioo kina chenga. Wauzaji wengine bado wanatumia kumbukumbu hiyo kututisha: "Mama, nunua hii, hiyo yako itazimwa mwezi ujao."

Lakini televisheni na redio si hali moja. Kila stesheni ya televisheni ya analogi ilikuwa imekalia nafasi kubwa hewani, hadi MHz 8, na nafasi hiyo ilitakiwa kwa mambo mengine, pamoja na intaneti ya simu. FM yote, kuanzia 87.5 mpaka 108, haifiki MHz 21. Hiyo ni kama stesheni mbili na nusu tu za televisheni ya zamani. Kwa hivyo haraka ya kuwahamisha wasikilizaji wa redio haijakuwa kama ile ya televisheni. Tena redio ziko kila mahali: jikoni, kwa matatu, kwa kinyozi, shambani, ndani ya simu. Kuzibadilisha zote ni kazi ya miaka na gharama kubwa.

Mtu akikuambia FM inazimwa, mwambie akuonyeshe tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano. Usitoe pesa kwa maneno ya kaunta.

Na hapa wazee wetu wa redio watakumbuka WorldSpace. Setilaiti yake iliyoitwa AfriStar ilirushwa mwaka 1998, na redio zake za dijitali ziliuzwa hapa Nairobi. Sauti ilikuwa safi ajabu. Lakini kampuni ilifilisika mwaka 2008, huduma ikaisha, na redio zile zikabaki mapambo, kwa sababu hazikuwa na kwingine pa kupata stesheni zake za setilaiti. Funzo letu ni kwamba redio inayotegemea mtumaji mmoja hufa naye.

KABLA YA KUNUNUA AU KUPOKEA ZAWADI

Redio nyingi hutufikia kupitia watoto na ndugu walio ng'ambo. Zawadi ni zawadi, lakini ni heri mtu wako ajue mambo haya mapema.

1. Iwe na FM ya kuanzia 87.5 mpaka 108. Ndiyo nafasi stesheni zetu zilimo.

2. Ikitoka Japani, angalia namba kwanza. FM ya Japani huanzia 76. Redio za zamani za huko huishia 90 na za karibuni huishia 95. Wenye magari wanajua shida hii, ndiyo maana gari likitoka bandarini mafundi hulifungia kifaa cha kuongeza stesheni. Kwa redio kama hiyo utasikia Radio Waumini kwa 88.3 na Ghetto Radio kwa 89.5, lakini Radio Jambo kwa 97.5 hutaipata.

3. Ikitoka Marekani, uliza kama inaweza kubadilishwa hatua za kutafuta. Nyingi za huko huruka namba kwa hatua ya 0.2, na husimama tu kwa namba zinazoishia na tarakimu witiri, kama 98.3 na 98.5. Capital FM iko 98.4. Redio itasimama kando yake na sauti itakwaruza.

4. Angalia stima yake. Kenya tunatumia volti 240. Marekani hutumia 120 na Japani 100. Redio ya volti 120 peke yake ukiichomeka kwa soketi yetu itaungua siku hiyo hiyo. Soma nyuma ya chaja. Ikiwa imeandikwa 100–240, ni salama. Plagi ya Uingereza ni kama yetu, yenye meno matatu bapa.

5. Iwe na betri inayopatikana hapa. Redio nyingi ndogo hutumia betri bapa ya BL-5C, ile ya simu ndogo za zamani za Nokia. Hiyo utaipata kila mahali mpaka kwa soko la kijijini. Betri ya umbo la ajabu ikifa, redio imekufa.

6. Isikilize dukani. Iwashe, itafute stesheni tatu, pandisha sauti mpaka juu, halafu ishushe. Ikikohoa dukani, nyumbani itanyamaza.

KUIWEKA NYUMBANI

Ukishafika nayo nyumbani, fuata hatua hizi.

Kwanza, ichaji kabla ya kutumia. Tumia chaja ya kawaida ya simu na usiifunike kwa nguo wala kuiweka kitandani.

Pili, chagua FM. Tafuta kifungo kilichoandikwa BAND, MODE au FM. Ikiwa redio yako ni ya DAB, hapa ndipo sisi tulipokosea. Bonyeza mpaka uone neno FM kwenye kioo.

Tatu, vuta eriali yote nje. Eriali ya FM hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa karibu sentimita 75. Si namba ya kubahatisha: wimbi la FM katikati ya ile nafasi lina urefu wa karibu mita 3, na eriali nzuri ni robo yake. Ikiwa eriali yako imevunjika, chukua waya wa sentimita 75, toa plastiki kidogo upande mmoja, uufunge kwenye kile kipande kilichobaki.

Nne, tafuta mahali. Chuma huzuia mawimbi, na Eastlands tunaishi ndani ya chuma: paa la mabati, kuta za mabati, milango ya chuma, grili za madirisha. Ukiwa nyumba ya mabati, weka redio karibu na mlango au dirisha la mbao. Ukiwa kwa gorofa kama za Umoja au Pipeline, ambako nyumba zimebanana, chumba cha ndani kinaweza kuwa kimya wakati dirisha la barabarani linaongea vizuri. Kituo kikubwa cha kurushia matangazo ya Nairobi kiko Limuru, kwa hivyo dirisha linaloelekea upande wa huko, kaskazini-magharibi, huwa na bahati zaidi. Sogeza redio hata kwa hatua moja tu. Mara nyingi hiyo inatosha.

Tano, acha itafute yenyewe. Kwa redio nyingi unabonyeza SCAN, au unashikilia kifungo cha kuchezea muziki kwa sekunde mbili au tatu. Itapita namba zote na kuhifadhi kila stesheni kwa P01, P02 na kuendelea. Iache imalize, usiiguse. Ukihama nyumba au ukienda ushago, rudia. Stesheni moja huwa na namba tofauti kila sehemu ya nchi. KBC Idhaa ya Taifa huku Nairobi iko 92.9 na Radio Citizen 106.7, lakini kwenu namba zitakuwa nyingine.

Sita, ondoa kelele. Ukisikia mvumo, zima vitu kimoja kimoja: chaja ya bei rahisi, balbu ya LED, televisheni ya jirani ukimwomba kwa upole. Ukimpata mchawi wa kelele, mweke mbali na redio. Ikiwa stesheni iko mbali na inachemka, tafuta kifungo cha STEREO na uchague MONO. Sauti itapungua utamu kidogo, lakini maneno yatasikika.

Onyo: usipitishe waya wa eriali nje karibu na nyaya za stima, hasa mahali watu wameunganisha stima kiholela. Waya ukigusana na stima, unaleta kifo ndani ya nyumba. Mvua ya radi ikianza, ondoa waya wa nje kwenye redio.

SIRI YA 99.9

Hapa kuna jambo ambalo limewachanganya wengi. Mtu wa Korogocho akitafuta 99.9 anapata Koch FM, redio ya jamii iliyoanzishwa na vijana wa huko mwaka 2006. Akimtembelea dada yake Mukuru kwa Reuben na redio ile ile, 99.9 inakuwa Ruben FM. Akivuka mpaka Kibera, ni Pamoja FM. Kule Dagoretti ni Mtaani FM. Redio haijarogwa. Redio hizi za jamii zimepewa namba moja, na kila moja inarusha kwa nguvu kidogo ili itosheke na mtaa wake.

Zinawezaje kuishi pamoja? FM ina tabia moja. Stesheni mbili zikikutana kwa namba moja, redio hushika ile yenye nguvu zaidi na kuizima nyingine. Aliye karibu anasikika, aliye mbali ananyamaza. Ukikaa katikati utasikia zikipokezana kama watu wawili wanaogombania simu. Songa hatua chache, au geuza eriali, mmoja atashinda.

Tunasisitiza hili kwa sababu redio hizi ndogo ndizo hutangaza mambo ambayo stesheni kubwa haina nafasi nayo: mtoto aliyepotea, maji yamekatwa, kliniki ya chanjo iko wapi kesho. Lakini kwa sababu nguvu zake ni ndogo, ndizo za kwanza kukosekana ukiweka redio vibaya. Ukimaliza kutafuta, hakikisha 99.9 ya mtaa wako imo. Kama haimo, iandike mwenyewe namba kwa namba.

Wasomaji wa vijijini, nanyi mna za kwenu. Idara ya Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha stesheni za RANET, kama Kangema kule Murang'a na Bulala kule Budalang'i, ambako mto Nzoia umewahi kuwatoa watu nyumbani mara nyingi. Ulizeni redio ya jamii iliyo karibu nanyi na muiweke ya kwanza kwenye orodha.

STIMA IKIPOTEA

Redio ya kikundi ipimwe kwa siku mbaya. Betri yenye uwezo wa mAh 1000, kwa redio inayokula mA 100 kwa sauti ya wastani, itakaa kama saa 10. Ukipandisha sauti mpaka juu, au redio ikiwa na taa za disko, saa hizo zitapungua sana. Zima taa.

Chaji betri kila juma hata kama hamjaitumia, maana betri iliyoachwa tupu kwa miezi hufa. Ikivimba, itoe na usiitoboe wala kuichoma. Mnunue ya pili iwe akiba. Kama kuna sola ndogo ya taa yenye tundu la kuchajia simu, itachaji redio pia. Na kama redio yenu bado ni ya mawe, hiyo si aibu. Weka mawe mapya manne kando, yasiguswe na tochi ya mtu.

Simu nyingi ndogo zina FM pia, lakini nyingi huhitaji uchomeke earphone, kwa sababu waya wake ndio eriali. Kila mwanachama aweke moja ndani ya mkoba.

KUSIKILIZA PAMOJA

Redio ikishaongea, kazi ndiyo kwanza inaanza. Jirani zetu Tanzania walitufundisha jambo kubwa. Mwaka 1973 walikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, wakasikiliza vipindi vya afya, wakajadili, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Majadiliano ndiyo yaliyoinua majembe.

Kwetu Kenya, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yalipelekwa redioni kupitia KBC. Mtoto ambaye nyumbani hakukuwa na televisheni wala data angeweza kufuata somo kama redio ilikuwa inafanya kazi na mtu mzima alikuwa amekaa naye. Tuliona hapa mtaani ploti moja ikiweka redio moja kwenye korido na watoto wa nyumba nane wakakaa chini na vitabu.

Redio yenye memori kadi ina faida moja zaidi ambayo vikundi vingi havijui: nyingi zina kifungo cha REC. Kipindi cha ukulima kikija Jumanne usiku na nyinyi mnakutana Alhamisi, mtu mmoja anakirekodi. Siku ya mkutano mnakisikiliza, mnakisimamisha mahali pagumu, mnakirudia. Mama ambaye hajasoma anasikia sawa na aliyesoma. Jaribuni kurekodi dakika mbili kwanza na kuzisikiliza kabla ya kutegemea.

Tunashauri utaratibu huu: dakika 5 za kukumbushana tuliyosikia wiki iliyopita, dakika 20 za kusikiliza, dakika 20 za kujadili, halafu jambo moja tu la kufanya kabla ya kukutana tena, na jina la atakayelifuatilia liandikwe. Mambo kumi hayatafanywa, lakini moja litafanywa.

PESA NA MWEKAJI

Msikope ili kununua redio. Wanachama 20 wakitoa bob kumi kila wiki, kwa wiki kumi mna shilingi elfu mbili. Zungukeni maduka matatu kabla ya kutoa. Wekeni risiti kwa kitabu cha mweka hazina.

Chagueni mwekaji wa redio na msaidizi wake. Wote wawili wajue vifungo vyote. Kwetu ilijulikana kwa mtu mmoja tu, na hata yeye hakujua MODE. Andikeni maagizo kwa Kiswahili kwenye karatasi, mbandike nyuma ya redio: hapa FM, hapa kutafuta, hapa kurekodi, chaji Jumapili. Na msiuze redio ya zamani mpaka mpya ikae miezi mitatu bila matatizo.

Ile redio ya Uingereza bado tunayo. Iko dirishani, eriali juu, na 99.9 iko P01. Mvua ikianza kunyesha usiku, mwekaji huiwasha kabla hata ya kuamka kuangalia kama paa linavuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Redio ngapi ziko katika nyumba za wanachama wetu? Ngapi zingefanya kazi usiku wa leo stima ikipotea?

2. Redio ya jamii iliyo karibu nasi ni ipi, na iko namba gani? Nani ataithibitisha kabla ya mkutano ujao?

3. Ni kipindi gani kimoja tungependa kukisikiliza pamoja na kukirekodi? Kinatangazwa siku gani na saa ngapi?

4. Je, kuna kifaa chochote kimekaa juu ya kabati kwa sababu tulidhani kimeharibika? Nani atakileta tukiangalie?